Maombi ya vita yakifika sebuleni, mtoto alale wapi?

Usiku wa Oktoba 29, 2025 ulikuwa mrefu kwa wazazi wa Korogwe na Handeni wenye watoto Dar es Salaam. Siku ya Uchaguzi Mkuu ilikuwa imegeuka siku ya vurugu, amri ya kutotoka nje usiku ilikuwa imetangazwa jijini humo na intaneti ilikuwa imezimwa nchi nzima. Mama mwenye kijana Mbagala au Kimara alibaki ameshika simu isiyomsaidia. Intaneti ilirudi baada ya siku tano hivi, na kilichofuata zilikuwa picha na video ambazo hakuna mzazi angependa mwanawe azione.

Kwa familia nyingi za Kikristo, kilichobaki mikononi wakati huo ni maombi. Yakaja tena Desemba 9 ilipokaribia, siku ambayo serikali ilifuta sherehe za Uhuru na kuwataka watu wasio na dharura wabaki nyumbani. Zipo nyumba ambazo tangu hapo kesha la Ijumaa na kufunga kwa ajili ya taifa vimekuwa ratiba ya kawaida, kama vile kwenda gulioni.

Maombi yenyewe si yale ya kushukuru chakula. Ni maombi ya vita: kukemea, kuvunja, kuteketeza, kufunga milango ya adui na kusambaratisha kambi yake. Asiyeyazoea anaweza kuyacheka. Asiharakishe, maana lugha hiyo imewahi kufika hadi ngazi za juu za nchi. Mwaka 2020 Hayati Rais John Magufuli alisema kanisani kwamba virusi vya corona ni shetani, na Aprili 17 hadi 19 mwaka huo Watanzania wa dini zote waliombwa wamlilie Mungu kwa siku tatu.

Hofu nayo haikuanza siku ya kura. Septemba 6, 2024 mwanasiasa wa Chadema, Ali Kibao, alishushwa na watu wenye silaha kwenye basi lililotoka Dar es Salaam kwenda Tanga, na baadaye mwili wake ukapatikana Ununio. Mabasi ya Tanga hupita Segera, njia ileile wanayoitumia watu wa Korogwe na Handeni wakienda kuuguza, kusoma au kununua bidhaa. Mzazi anayeomba kwa sauti kabla mwanawe hajapanda basi ana sababu yake.

Na maombi yanamsaidia. Mtu mwenye hofu hupumua kwa haraka na juujuu. Anapoimba polepole na wenzake, pumzi hushuka na moyo hutulia. Aliye katikati ya watu wanaomjua usiku wa manane yuko salama zaidi kuliko aliyejifungia chumbani peke yake akifungua video moja baada ya nyingine. Kulia mbele ya Mungu bila kuulizwa maswali ni nafuu ambayo wengi hawaipati pengine, hasa wanaume, ambao kwingine kote hutakiwa wakaze moyo. Kwa hiyo swali la mzazi si kama aombe au asiombe. Shida ya vita ni kwamba huhitaji adui, na adui asiyeonekana hukawii kumvisha sura ya mtu aliye jirani.

Adui anapopewa jina

Sura ya 6 ya Waraka kwa Waefeso, ambayo ndiyo msingi wa mahubiri mengi ya vita vya kiroho, inasema wazi kuwa vita hiyo si dhidi ya wanadamu. Wahubiri wanalijua andiko hilo na waumini wanaweza kulisoma kwa moyo. Hata hivyo, ikifika saa nane usiku, koo limekauka na machozi yanatoka, maneno huanza kuwa na anwani: yule balozi, yule mwenyekiti wa kitongoji, shemeji aliyevaa fulana ya chama kingine, jirani ambaye taa yake ilikuwa inawaka wakati vijana wanakamatwa.

Mtoto aliyelala chumba cha pili, ambaye kwa kweli hajalala, anasikia jina la baba wa rafiki yake likitajwa katika orodha ya vitu vya kuteketezwa. Yeye hajui tafsida. Moto kwake ni moto.

Handeni na Korogwe lina uzito wa pekee kwa sababu watu wake wamechanganyika. Wakristo wengi wana wajomba, mashangazi na wakwe Waislamu, Idi na Krismasi huliwa kwa masufuria ya kuazimana, na msibani hakuna anayeuliza dini ya mbeba jeneza. Sasa maombi ya vita ya mikoa ya Pwani hupenda sana kutaja majini. Kipaza sauti kinapokemea majini ya mtaa huo usiku kucha, jirani Mwislamu husikia kama nyumba yake ndiyo inayosemwa. Kesho yake mtoto wa kwanza anamwambia wa pili shuleni kwamba kwao kuna majini. Urafiki wa miaka minne unakwisha wakati wa uji.

Msomera, wilayani Handeni, jambo hili lina sura nyingine. Tangu Juni 2022 familia za Kimasai kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamia kijijini hapo, na nyuma wamebaki ndugu zao wanaosema hawaondoki. Wamo Wakristo pande zote mbili. Mtoto aliyeletwa Msomera akiwa na miaka mitano sasa yuko shule ya msingi, na bibi yake huenda bado anakamua ng'ombe kule Endulen. Katika ukoo kama huo, ombi la kushinda adui wa ardhi linaweza kumgusa bibi mwenyewe, kutegemea limetoka kinywani mwa nani. Mtoto huyo akiuliza kama bibi ni adui, ajibiwe hapohapo, asubuhi hiyohiyo.

Wazee wa Usambara walikuwa na jina la hali hii. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti miongoni mwa Washambaa kwa miaka mingi, ameandika kuhusu usemi wao wa nguvu kwa nguvu. Maana yake ni kwamba watawala wawili wenye uwezo wanaposhindana bila mmoja kushinda, nchi yenyewe huumwa: mvua hukataa, njaa huingia. Kuiharibu nchi waliita kubana shi, na kuiponya kuzifya shi. Hawakuwa wakizungumza nadharia. Kimweri ye Nyumbai alipofariki miaka ya 1860, mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde ambayo leo iko wilaya ya Korogwe, aliingia katika vita ya kugombea utawala iliyodumu miaka mingi, na watu wa kawaida wakakamatwa na kuuzwa utumwani. Waliolipia nguvu kwa nguvu hawakuwa wale waliokuwa na nguvu.

Kenya ilijifunza kwa njia mbaya zaidi. Januari 1, 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret, wengi wao wanawake na watoto, walichomwa moto humo ndani. Nchi ile ina Wakristo wengi kuliko yetu, na kabla ya uchaguzi ule pande zote zilikuwa zimeomba.

Mwili hauna chama

Hapa ndipo wahudumu wa afya wana la kusema, na mara nyingi hawaulizwi hadi mgonjwa aletwe amebebwa.

Anza na kifafa. Kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayoamsha degedege kwa mtu mwenye ugonjwa huo. Binti mwenye kifafa akikeshwa usiku mzima, akiwa amefunga na pengine ameacha dawa, uwezekano wa kuanguka alfajiri ni mkubwa. Akianguka katikati ya maombi ya vita, wanaomzunguka wana tafsiri tayari: pepo amejidhihirisha. Wanamshika kwa nguvu, wanampigia kelele, wanamwekea kitu kinywani. Alichohitaji ni kulazwa ubavu, kuondolewa vitu vigumu karibu naye, kutowekewa chochote kinywani, na mtu mmoja wa kutazama saa. Degedege ikizidi dakika tano, au ikirudi kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali bila kusubiri ibada iishe.

Kisukari nacho hudanganya vilevile. Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge, akifunga bila kubadilishiwa dozi, sukari yake inaweza kushuka mno. Hutetemeka, hutoka jasho, husema maneno yasiyoeleweka, kisha huanguka. Kwenye ibada ambako kutetemeka na kuanguka vinatarajiwa, nani atashtuka? Kila kundi la kesha linapaswa kujua nani kati yao ana kisukari. Kama bado anaweza kumeza, apewe sukari, soda ya kawaida au juisi mara moja. Kama amepoteza fahamu asinyweshwe kitu, alazwe ubavu na usafiri utafutwe.

Kuna watoto wenye selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Kwao maji ni sehemu ya tiba, na baridi ni chanzo cha maumivu makali. Kufunga kavu na kukesha kwenye sakafu ya saruji ni vitu viwili vinavyoweza kumwingiza mtoto huyo katika maumivu ya mifupa yatakayomlaza wodini wiki nzima. Hakuna namna ya kupamba hili: mtoto mwenye sikoseli asifunge maji, wala asikeshe.

Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi huwa na shida ya siri zaidi, kwa kuwa katika kundi la maombi huenda hakuna ajuaye. Mtu anaogopa kumeza kidonge mbele ya waliofunga, anaruka siku tatu, halafu saba. Vidonge ambavyo wengi wanatumia sasa humezwa mara moja kwa siku, uwe umekula au hujala. Anayefunga hadi jioni anaweza kuzungumza na kliniki yake ahamishie dozi saa ya kufuturu, na siri yake ikabaki yake. Kuacha kabisa ndiko kunakoviachia virusi nafasi ya kuzaliana na kuwa sugu.

Nchi hii imeshaliona hilo. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa Sh500, na baadhi waliacha dawa zao wakiamini wamepona. Dawa zilizoachwa ndizo zilizoleta majuto, kwa sababu kikombe chenyewe mtu angeweza kukinywa na bado akameza kidonge chake.

Mjamzito na anayenyonyesha wasifunge maji. Mtoto asifungishwe, hata akisema mwenyewe anataka, kwa kuwa mtoto husema anachoona kinawafurahisha wakubwa. Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi, ambako miili ya watu zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, watoto walikuwa miongoni mwa waliokufa kwa njaa. Ni kweli kwamba kati ya kesha la kawaida la Korogwe na msitu ule kuna umbali mkubwa sana, na si haki kulinganisha waumini wa kawaida na yale. Mzazi achukue kitu kimoja tu kutoka huko: uamuzi wa kumnyima mtoto chakula kwa sababu ya dini hautakiwi kuanza, hata kwa siku moja, hata kwa nia njema.

Makanisa makubwa yenyewe hayadai hivyo. Katika Kanisa Katoliki sheria ya kufunga humhusu mtu kuanzia miaka 18 na hukoma anapoingia mwaka wake wa 60. Waislamu jirani zetu humruhusu mgonjwa kula mwezi wa Ramadhani, na katika wilaya zenye Waislamu wengi kama Handeni swali la kupanga dawa na mfungo si geni kwa muuguzi. Mkristo anayefunga kwa ajili ya taifa naye aende akaulize. Ataulizwa anafunga saa ngapi na anatumia dawa gani.

Mchungaji anayetangaza mfungo ana nafasi kubwa kuliko daktari yeyote. Dakika mbili madhabahuni zinatosha kusema kwamba wenye kisukari, wenye kifafa, wajawazito, wanaonyonyesha, wazee dhaifu na watoto wale chakula chao, na kwamba hakuna dawa inayoachwa. Likisemwa na yeye, mama mkwe hatamtazama mkwewe kwa jicho la kumshutumu anapokunywa uji. Waanglikana waliofika Handeni na Injili walijenga pia hospitali, ile ya Mtakatifu Fransisko, Kwamkono, ambayo ipo hadi leo. Kwao altare na wodi havikuwa na ugomvi.

Mbu naye hukesha

Wapo wanaosahau kwamba wako Korogwe. Wilaya hii ilichaguliwa kuwa miongoni mwa vituo 11 barani Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009, katika utafiti uliohusisha zaidi ya watoto 15,000. Watafiti hawakufuata mandhari ya Mto Pangani. Walifuata malaria.

Mbu anayeieneza huuma zaidi usiku, saa zilezile za kesha. Mtoto anayelazwa kwenye mkeka barazani au nyuma ya kanisa la turubai, kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri, ametolewa kwenye neti yake kwa saa saba. Akipata homa siku kumi au kumi na nne baadaye, hakuna atakayekumbuka kesha. Pengine patatafutwa aliyemroga. Homa ya mtoto ipimwe malaria siku hiyohiyo au kesho yake, na maombi yaendelee akiwa ameshameza dawa.

Usingizi wenyewe pia ni chakula. Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 10 hadi 13 kwa siku kwa mtoto wa miaka mitatu na minne. Wa darasa la kwanza haachwi mbali sana na hapo. Aliyekesha Ijumaa hushinda Jumamosi amenuna, Jumapili analala kwenye ibada, na Jumatatu mwalimu anamwita mvivu.

Kinachobaki kichwani

Mtoto aliyetishika kwa vurugu za siasa na kwa maombi yake hatasema kuwa ameogopa. Ataanza tena kukojoa kitandani wakati alishaacha. Ataumwa tumbo kila asubuhi bila homa. Atang'ang'ania kanga ya mama, atakataa kwenda chooni peke yake, atachora bunduki. Mkubwa zaidi atakuwa na hasira fupi, au atanyamaza tu.

Mueleze kweli kwa kipimo chake. Watu waligombana kuhusu uchaguzi, wengine waliumizwa na wengine walikufa, na hilo linatuhuzunisha. Sisi tuko hapa, kaka yako amepiga simu, kesho unakwenda shule. Usimwahidi kwamba hakuna baya litakalotokea tena, maana hujui, na akikukamata umedanganya mara moja hatauliza mara ya pili. Video za maiti zifutwe kwenye simu ambayo yeye huchezea michezo. Kama ameshaziona, mwache asimulie alichoona bila kumkatiza kwa mahubiri. Dalili zikidumu zaidi ya mwezi, au akizungumzia kufa, apelekwe kituo cha afya. Na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure, na mzazi naye anaweza kuipiga.

Muombe pamoja naye, lakini maombi ya ukubwa wake, mapema, akiwa na nguo za kulalia. Awataje anaowapenda kwa majina. Akitaka kumtaja mtoto wa yule jirani wa chama kingine, amtaje. Ni vigumu kulala na chuki kwa mtu uliyemtaja hivyo, na hili huwasaidia wakubwa pia, ingawa wakubwa hulipenda kidogo.

Halafu kesha lipangwe. Familia inayoomba usiku kucha inaweza kugawana zamu kama inavyogawana zamu za kuuguza: saa mbili kwa kila mtu mzima, na mmoja daima awe chumbani kwa watoto, amelala nao au amekaa kitandani. Huyo naye amehesabiwa yuko kwenye maombi. Kipaza sauti kizimwe saa nne. Maji yawekwe mezani yakiwa wazi kwa anayehitaji kumeza dawa, bila kuulizwa ya nini. Wanaokesha kanisani watafute nyumba moja ya karibu yenye neti za kutosha, bibi mmoja aombwe kubaki na watoto wote huko, na ifikapo saa tatu usiku wawe wameshalala.